Kimya cha Katikati ya Moteti

Jumapili nilimkuta mwalimu wa kwaya mlangoni mwa kanisa letu hapa Nakuru, anajifuta jasho na baridi yote ile. Kwaya yake ingeimba moteti, wimbo mtakatifu wa Kilatini uliotungwa Ulaya enzi za babu za babu zetu.

"Hauna kinanda," aliniambia. "Unaanza kama mnong'ono, unapanda mpaka paa litetemeke, halafu katikati unanyamaza kabisa. Hapo ndipo naogopa."

Ikawa hivyo. Sauti zikapanda, zikakatika. MC wetu, mama mchangamfu, akadaka maiki.

"Mtuwie radhi, waumini, stima imepotea. Tuwapigie makofi..."

Alitangaza hayo kwa maiki inayotumia umeme huohuo. Padri akaifunika kwa kiganja.

"Mama, bado. Angalia mkono wa mwalimu."

Mkono ulikuwa bado juu. Kwaya ikarudi polepole, kama mtu anayesali peke yake, mpaka amina. Mwalimu akashusha mkono, akashusha na pumzi.

Nje, MC alicheka hadi machozi. "Woi! Ningejuaje?"

Simlaumu. Kanisani kwetu spika hazinyamazi; hata Mungu husubiri stima ipotee ndipo apate nafasi ya kusema neno.