Mbwa wa Sofia Aliyekataa Ugali

Miaka sita Sofia Tluway wa Ganako hakuzungumza na mumewe Raphaeli, tangu yeye Sofia alipobeba godoro lake akaondoka nyumbani kwa mume. Walikutana mara moja tu, kwenye ubatizo wa mjukuu wao, wakaambiana habari za mvua. Lakini Machi ile mbwa jike wa Sofia, Shaba, aliingia joto, na dume pekee la maana kutoka Ganako hadi mjini Karatu lilikuwa la Raphaeli.

Sofia alikuwa mchuma kahawa, na meneja wa shamba alipohama alimwachia Shaba. Alikuwa mbwa mzuri wa ulinzi, mrefu, asiyebweka ovyo. Kasoro yake ilikuwa kula. Ugali wa dagaa aliunusa akageuka. Makande aliyatema punje moja moja sakafuni. Aliweza kumaliza siku mbili bila kugusa kitu, kisha akala ini mkononi mwa Sofia kama mgonjwa anayebembelezwa.

Raphaeli alikubali kuleta dume lake kwa sharti kwamba awe wa kwanza kuchagua mtoto. Aliegemea lango akamtazama Shaba mbavu.

"Mbwa kama huyu hazalishwi, Mama Teresia," alisema. "Mchaguzi huzaa wachaguzi. Ila naona mmeelewana."

Sofia alijua anachomwa yeye. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa hamalizi sahani, na mama mkwe akatangaza kwa majirani kwamba mwanawe ameoa mtu anayedharau chakula cha watu. Hakuna aliyeuliza angemezaje, na mume amesimama mlangoni akimhesabia matonge. Sofia alifungua lango, dume likaingia.

Wiki ya nne ya mimba Shaba aliacha kula kabisa. Haikupita muda, maneno yakaenea kijiweni kwamba Sofia anamshindisha mbwa njaa, na bwana mifugo akafika na pikipiki yake. Hakusema ameitwa na nani, wala Sofia hakuhitaji kuambiwa. Alimpapasa Shaba tumbo, akaagiza apewe chakula vuguvugu, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Kisha akasema wazi kwamba ingefaa kumnenepesha kwanza ndipo apandishwe, kwa sababu jike akizaa amekonda, maziwa humla mwili. Hilo lilimuuma Sofia kuliko uongo wowote. Raphaeli alikuwa amepatia nusu.

Akawa anachemsha vichwa vya mbuzi, anakoroga unga kwenye supu, anakaa chini na mbwa wake mpaka bakuli liishe. Watoto walizaliwa sita. Walipofikisha wiki tatu maziwa yalipungua, nyonga za Shaba zikachomoza, na asubuhi moja mtoto mmoja akakutwa amekufa. Sofia alimzika nyuma ya migomba. Waliobaki aliwanywesha maziwa ya mbuzi kwa chupa hadi wakajua kulamba uji.

Moloimet, mfugaji wa Enguserosambu, alikuja kutafuta mbwa wa kulinda kondoo. Aliomba karai moja la uji, akachuchumaa kutazama. Wanne walilivamia, jike mmoja alibaki nyuma. Akamnyanyua dume aliyekuwa amezamisha miguu kwenye uji.

"Mama yao anakula?"

"Kwa shida," Sofia alisema. "Mtoto mmoja amekufa."

Moloimet alimfuta mtoto uji miguuni. "Umenieleza, mama. Nitamwangalia." Akaondoka na mbwa.

Raphaeli alimchukua mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amemchagua mapema, bila salamu. Siku ya tisa alimrudisha ndani ya kiroba. Alidai mbwa hali, amerithi, apewe mwingine. Sofia aliuliza anapewa wapi chakula. Raphaeli akasema anakula na lile dume, baba yake, karai moja, ili akomae. Juu ya jicho la mtoto palikuwa na jeraha bichi la meno.

Sofia aliweka uji chini. Mtoto alitazama mabuti ya Raphaeli, hakusogea.

"Rudi nyuma, Baba Teresia."

Hakurudi.

"Rudi nyuma."

Raphaeli alisogea hadi langoni. Mtoto akala, akalamba bakuli akilisukuma mpaka likagonga ukuta.

Raphaeli alisema mbwa ni mbwa, habembelezwi, na kwamba mapatano ni mapatano.

"Huyu harudi kwako," Sofia alisema. "Na mwingine sikupi."

Raphaeli alitishia kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sofia akamwambia aende, naye atamfuata na mtoto huyo na jicho lake. Raphaeli alitema mate, akaondoka. Kwa mwenyekiti hakwenda, lakini aliwasema mbwa wa Sofia kila alipoketi, na wateja wawili hawakutokea tena.

Shaba hakuzalishwa tena. Julai bwana mifugo alimfunga kizazi. Yule jike aliyebaki nyuma siku ya karai naye alikua mchaguzi, na Sofia alimpa mwalimu mstaafu aliyeahidi kutomzalisha. Teresia alipopiga simu kutoka Arusha kuwaomba wazazi wake wapatane, Sofia alisema hapana, akauliza kama mjukuu ameota meno.