Nilivyoyasingizia Maziwa ya Ukweni

Msinitafutie wakili, jamani. Kosa ni langu na tumbo ni langu, ingawa kuna siku nilivikana vyote viwili mbele za watu.

Tumbo lilinisumbua muda mrefu. Linajaa, linaunguruma, nikigusa maharage ndiyo basi tena. Nikaenda hospitali hapa Sumbawanga, daktari akapima, akasema utumbo una uvimbe. Akaandika dawa ya kuutuliza, akanikataza pilipili na pombe ya ulezi (hapo nilikaribia kulia), halafu akaongeza vidonge vya bakteria.

"Bakteria tena, daktari? Si ndio wanaoniua?"

"Hawa ni wazuri, wanaweza kukusaidia. Hivi vina walio hai, hivi vingine vina mabaki ya waliokufa."

"Waliokufa nao wanafanya kazi?"

"Wanafanya. Ila meza kimoja kimoja kwa siku, usiwe na haraka."

Mimi Mkatoliki niliyelelewa vizuri nikaelewa mara moja: walio hai wachape kazi, marehemu wawaombee!

Sasa, mdogo wangu Deo alikuwa amepata mchumba, Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma kule Muze. Siku ya kwenda kujitambulisha, msemaji wa familia nikawa mimi. Nikaogopa tumbo lisije likaniangusha ukweni. Asubuhi nikameza vidonge kiganja kizima. Kizima! Nikashushia na togwa, jagi zima, ili hao bakteria wasishinde njaa.

Tulipoanza kuteremka kona za Muze, tumbo lilikuwa tayari limeitisha mkutano wa hadhara.

Tukapokewa vizuri mno. Mama Kabula mwenyewe akaleta kibuyu cha maziwa mgando, akanimiminia kwa mkono wake. Nikanywa kikombe kimoja kwa heshima, nikasimama.

"Wazazi wetu, tumepita hapa tumeona ua..."

Tumbo likadakia: kwaruuu!

Babu mmoja asiyesikia vizuri akageukia mlangoni. "Karibu!"

Nikakaza. Nikafungua mdomo niendelee, kikatoka kitu ambacho hakikuwa hotuba wala hakikupitia mdomoni. Yesu na Maria! Nikakimbilia chooni na suti yangu.

Niliporudi, wote wananiangalia. Hapo ndipo nilipotenda dhambi.

"Samahanini, wazee. Nadhani haya maziwa yamelala sana."

Mama Kabula akakiweka kibuyu chini taratibu. "Maziwa yangu, baba?"

Watu wakaanza kurudisha vikombe mezani, kimoja kimoja. Baba yake Kabula akainuka. "Hotuba tumeisikia. Nendeni salama."

Kabula akaacha kupokea simu za Deo. Nyumbani mdogo wangu akawa anakaa nyuma ya jiko anachokonoa majivu na kijiti, na mimi ndiye niliyejua ukweli. Aisee, ule uchungu haukuwa wa utumbo.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapanda lori la mahindi, peke yangu, mpaka Muze, nikamkuta Mama Kabula zizini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuyaonja tena?"

Nikapiga magoti palepale kwenye samadi. Nikasema yote.

"Kiganja kizima?" akauliza.

"Kizima, mama."

"Na togwa?"

"Jagi, mama."

Akaangua kicheko mpaka akashika nguzo ya zizi asianguke. Akamwita mumewe, nikarudia. Akamwita Kabula, nikarudia. Akaitwa babu, naye ikabidi nimpigie kelele sikioni, na ng'ombe wote wakasikia. Hakuna padri aliyewahi kuniungamisha namna hiyo!

"Harusi ipo," akasema mama, akifuta machozi. "Ila msemaji mleteni mwingine. Wewe utakaa karibu na mlango."

Ndivyo ilivyokuwa. Harusi ya mdogo wangu wa damu, shangazi ndiye aliyesema kwa niaba yetu, mimi nimekaa mlangoni kama mlinzi. Deo amenisamehe, ingawa nikimwambia naenda kumtembelea, anauliza kwanza nimekula nini.

Ndugu zangu, dawa si karanga, msizitafune kwa kiganja. Ukiambiwa kimoja, ni kimoja, hata kama ni cha wadudu wema. Na siku tumbo lako likikuaibisha hadharani, lipokee kama mtoto wako aliyevunja chungu cha jirani. Sema, "Ni la kwangu, samahanini." Aibu yake ni ya dakika chache. Mimi ya kwangu inachekewa Muze nzima, na wanaosimulia kila siku wanaongeza vidonge.