Theluji ya Machi na Kitambaa cha Papa Gaston

Mpaka leo nikinusa koti la sufu lililolowa likikaukia kwenye kipasha joto, mkono wangu huingia mfukoni wenyewe, kutafuta kitu ambacho hakimo tena. Ni harufu ya ukumbi wa parokia kule Forest, juu kabisa kilimani, mahali ambapo watu wa Brussels hujisifu kwamba wako mita mia moja juu ya bahari. Mama alicheka aliposikia hivyo. Sisi tulitoka Goma, ambako mtu hunywa chai yake ya asubuhi mita elfu moja na mia tano juu ya bahari hiyo hiyo, na wala hajisifu. Ndivyo alivyokuwa mama: kila alichoambiwa katika mji huu alikigeuza kwanza upande wa pili, kama anayechagua nyanya sokoni. Nami sikumlaumu, maana hofu yake ilikuwa na sababu. Nilikuwa na miaka tisa. Baba na kaka yangu Amani walikuwa wamebaki Goma, na wangetufuata tu iwapo mama angepewa karatasi. Tulikuwa tumesubiri miaka miwili, ndipo barua ya ofisi ya wakimbizi ikafika: Jumatano fulani ya Machi, saa tatu asubuhi. Chini, kwa herufi nzito, iliandikwa kwamba asiyefika faili lake litafungwa.

Kila Jumamosi alasiri mama aliimba kwaya ya Kiswahili katika ukumbi ule, na katika chumba cha pili, nyuma ya mlango uliofungwa, walikutana wapenzi wa hali ya hewa. Walikuwa wazee watano au sita, kila mmoja na daftari lake, na mezani ramani zilizojaa mistari iliyojikunja kama matumbo ya mbuzi. Mlango waliufunga ili joto lisitoke; hilo nalijua leo. Wakati ule mama alijua jambo moja tu, kwamba watu wema hawajifungii. Wakubwa wao walikuwa wawili. Rik, dereva wa tramu aliyestaafu, alishikilia kwamba baridi imekwisha, ndege wamerudi, na mwenye kungoja theluji sasa ni mpumbavu. Papa Gaston, mzee mwembamba aliyefundisha hesabu Bukavu ujanani mwake na bado akikisema Kiswahili cha kule, alishikilia kwamba itaanguka moja ya mwisho, katikati ya juma lijalo. Walibishana mpaka meza ikatikisika. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wale waliweza kupigana juu ya wingu ambalo bado lilikuwa baharini.

Katikati ya juma lijalo! Sauti zilipenya mlango, na kwa Kifaransa chake kidogo mama alishika hayo tu, akaacha kuimba katikati ya ubeti. Barabara zetu zilikuwa za mteremko mkali, na theluji ikishika pale juu, basi halipandi wala halishuki. Akanivuta kando. "Wee unajua Kifaransa. Kaa kwa mulango, usikilize byote banasema." Nikakaa, nikasikiliza, na nikamletea habari mbaya kuliko zote: Papa Gaston alikuwa amesema anaingojea theluji hiyo tangu Noeli, na kwamba mwaka huu haitamkimbia. Mama akashika kiuno. "Eeh! Donc, basi, anaitaka." Kwetu kuna watu wanaofunga mvua ili isiharibu harusi, na anayejua kufunga anajua pia kufungua. Shangazi yangu alipoolewa, mfunga mvua alisahauliwa mezani, akaondoka na njaa yake, na kabla pilau haijaisha kupakuliwa turubai lilikuwa limejaa maji. Mama alikuwapo, hakuhadithiwa. Kwa hiyo mtu anayekesha juu ya theluji, anayeiita kwa majina na kuiandika daftarini, kwake hakuwa mpenzi wa hali ya hewa. Alikuwa ndiye mwenye theluji.

Nami ndiye niliyezidisha mambo. Jumamosi ile ile Papa Gaston alinikuta mlangoni, akaniuliza kwa Kiswahili mbona nimenuna. Ilikuwa siku nyingi sijaulizwa jambo kama hilo na mtu mzima. Nikamwambia yote: barua, Jumatano, saa tatu, baba, Amani. Akanisikiliza bila kunikatiza. "Bon," akasema, "nitapima muzuri kwa ajili ya maman yako. Mardi, Jumanne, nitamuambia kweli." Akanipeleka bustanini, akanionyesha kisanduku cheupe chenye miguu minne. Ndani vilining'inia vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa kimevishwa kitambaa cheupe chini, kimefungwa kwa uzi, na ncha ya kitambaa ikinywa maji kwenye kikombe kidogo. Alinieleza kwamba hicho chenye kitambaa kibichi ndicho kinachotoboa siri, kama kitakachoshuka ni mvua au theluji. Sikusikia maelezo. Niliona kitambaa kilichofungwa kwa uzi, kama hirizi ya mfunga mvua.

Nilipomweleza mama, hakunipiga, ingekuwa afadhali. Alikaa kitandani. "Umemuambia siku yetu? Sasa anajua siku yetu, Riziki." Nami nilielewa kwamba nimemuuza baba yangu kwa maneno matamu ya mzungu. Basi kesho yake, Jumapili, watu wakiwa bado wanaamkiana baada ya misa, nikaingia bustanini na mkasi wa shule. Nilikata kitambaa chake, nikakitia mfukoni mwa koti. Mahali pake nikafunga kipande cha leso ya mama ya kwaya, nyeupe, yenye pindo la uzi wa buluu, kwa sababu ilikuwa imebarikiwa Pasaka iliyopita. Kilikuwa kifupi, hakikufika kwenye maji, kikabaki kikavu. Nilisali Salamu Maria tatu, nikarudi kundini nikijiona mshindi.

Jumanne Papa Gaston alitukuta kituo cha basi. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, vipimo alivisoma kwa kioo cha kukuzia namba. Alisema amepima asubuhi na jioni, siku mbili, na vipimajoto vyote viwili vinasema sawasawa: itakuwa mvua tu. "Hata Rik na miye, leo tunapatana," akasema, na akacheka kwa huzuni kidogo, kama mtu aliyenyimwa sikukuu. Mama alikuwa amepanga tukalale kwa rafiki yake kule mtaa wa Etterbeek, ili asubuhi tusihitaji kushuka kilima. Alifikiri sana. Mwishowe alisema watu wawili wasiopatana kamwe wakipatana, pengine wana haki. Akampigia rafiki yake kwamba hatuji. Nami nilijua siri ya ushindi ule ni yangu.

Jumatano nilipofungua pazia, hapakuwa na barabara. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja. Lilikuja usiku, jeupe, zito, lenye kiburi. Redio ilitangaza kwamba mabasi ya kilimani yamesimama. Mama alivaa koti lake juu ya gauni la kanisa, vifungo vikamshinda. "Alitudanganya. Alitaka tulale hapa." Kengele ikalia. Alikuwa Papa Gaston, theluji mpaka magotini, na mkononi jozi mbili za soksi nene za sufu. "Maman, nilikosea. Sijui nilikosea namna gani. Vaeni hizi juu ya viatu, hamtateleza. Tushuke kwa miguu." Mama alizitazama soksi zile kama anayepewa nyoka. Mimi nilivaa zangu. Yeye alikataa, akaanguka mara mbili kabla ya kona ya kwanza, na ya tatu alipoanguka akanyoosha mkono bila kumtazama, akapewa zake. Tulishuka hivyo kama vifaranga, mzee mbele akipiga fimbo. Huko chini, karibu na stesheni ya Midi, theluji iligeuka mvua na metro ilikuwa ikitembea kama kawaida. Tuliingia ofisini dakika nne kabla ya saa tatu. Nilipogeuka kumpungia mkono, Papa Gaston alikuwa bado amesimama nje, akivua kofia kuikung'uta maji.

Karatasi zilitoka kabla ya majira ya joto, na baba na Amani wakaja. Lakini kabla ya hapo, siku mbili tu baada ya theluji, mama alikagua mifuko ya koti langu ili alifue. Kikulacho ki nguoni mwako: akakikuta kitambaa, na uzi wake. Hakuniuliza nilikitoa wapi. Aliona wazi kwamba Papa Gaston amekitia mle tulipokuwa tukishuka, ndiyo maana alikuja na wema wake wa asubuhi. Alikichoma kwenye sinki, akafungua dirisha, akanikataza nisimkaribie mzee yule tena, wala nisimwitikie. Nami nikanyamaza. Niliogopa mama, niliogopa faili, niliogopa kila kitu. Papa Gaston alikuwa akituamkia kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, "Jambo yenu, Maman Riziki," na sisi tukapita tukitazama mbele. Nilisikia amemwachia Rik daftari la kikundi, akisema kwamba anayekosea siku kama ile hana haki ya kuongoza wengine. Miaka michache baadaye alikufa. Hatukwenda kumzika.

Siku hizi hakuna wa kubishana. Kila mtu ana simu, simu inasema asilimia fulani, tunaifuta kwa kidole na kuendelea. Machi zimekuwa za mvua tupu na mabinti zangu wanaijua theluji zaidi kwa picha. Ila mwaka huu simu ilisema huenda itaanguka, na mama, ameketi jikoni kwangu, akaanza tena: hewa ina wenyewe, mnamkumbuka yule muzee wa Forest? Nikazima jiko. Nikamwambia yote, mkasi, kitambaa, leso, Salamu Maria tatu, na kwamba leso ile kavu ndiyo iliyomdanganya mzee kuwa itakuwa mvua. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe, na nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alitafuta kosa katika hadithi yangu, kama kawaida yake.

"Leso yangu, aliiona?"

"Lazima aliiona, maman. Kitambaa kile alikibadilisha kila mwezi kwa mikono yake. Na leso zenye pindo la buluu ni za kwaya peke yake."

"Donc alijua ni sisi."

"Alijua."

"Na bado alikuwa anatupatia jambo?"

"Kila Jumapili."

Mama akaweka kikombe mezani, polepole. Mvua ikaanza kugonga dirisha, mvua ya kawaida, na hata hakuitazama.

"Jambo, Riziki," akasema. "Kitu ya bure. Na miye nilimunyima."