Siku Niliyovuka Mpaka Kumfumania Mike

Jamani, hii habari nimeificha sana, na hata sasa nikiisimulia natamani nijifunike khanga usoni, maana upande wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, kuna mgahawa ambao mpaka leo siwezi kupita mbele yake, nazunguka kwa nyuma kwenye matope na mzigo wangu wa vitenge kichwani.

Ilianza saluni. Wakati ule simu za kupangusa ndiyo zinaingia kwetu Tunduma kwa fujo, na msusi wangu Zuwena, mtoto wa Tanga huyo, alikuwa anatafuta mume kwenye mtandao mmoja wa wachumba. Ananisuka huku anapangusa picha za wanaume, mimi nacheka, mara sikucheka tena. Kwenye kioo cha simu alikuwepo mume wangu Elia, na suti yake ya harusi. Jina: Mike. Makazi: Nakonde. Hali ya ndoa: anatafuta mke mwenye hofu ya Mungu.

Tena picha yenyewe ilikuwa imekatwa, mimi bibi harusi nimeondolewa mzima, kimebaki kiganja changu tu, chenye glovu nyeupe, kimeshika kiwiko chake (mkono wangu mwenyewe, jamani, unasaidia kutafuta mke mwingine). Nikaomba maji.

Lazima niseme niliogopa nini, msinione chizi. Elia ni wakala wa forodha, kutwa yuko na madereva wanaotoka Kongo na Zambia, na mji wetu mnaujua kwa wageni. Niliogopa maradhi. Zaidi niliogopa kurudishwa nyumbani Igamba, kwa sababu nilimwona shemeji yangu, mke wa kaka yake Elia, alivyorudishwa kwao mchana kweupe, godoro kichwani, watoto nyuma, na majirani wametoka nje kama kuna mkutano. Mimi nina Tumaini na mdogo wake. Nililiona lile godoro kichwani kwangu.

"Usimuulize," Zuwena akasema. "Ukimuuliza anafuta. Mtegee."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeuliza tu siku ile wakati wa chakula, mkasa wote usingekuwepo. Lakini nilikaa kwenye kiti cha saluni, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, tukafungua akaunti. Nikawa Mercy, miaka ishirini na minne (niliondoa tisa), mfanyabiashara, picha ni ya ua.

Mike akajibu siku hiyohiyo. "Mulishani, mrembo," anajifanya Mzambia! Nikasema huyu Elia leo kajifunza na Kibemba. Kuanzia hapo sikulala usingizi wa maana. Nikituma ujumbe, namtazama Elia. Akitabasamu na simu yake, mapigo ya moyo yanapanda. Asipotabasamu, nasema anajizuia. Siku moja Mike alinijibu wakati Elia anaoga na simu yake iko mezani mbele yangu, imezima, kimya. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nikasema kumbe ana simu ya pili! Nikapekua mpaka kwenye debe la mahindi.

Na mimi nilikuwa naandika, jamani. Kwa kuwa nilijua ni mume wangu, maneno yalikuja yenyewe: kwamba nikisikia sauti yake mlangoni mwili unatulia, kwamba naogopa kuishi bila yeye. Mike akasema tuonane Jumamosi, saa nne asubuhi, mgahawani Nakonde. Yeye atavaa kofia nyekundu.

Sasa fumanizi linataka shahidi, na kwetu ndoa ikitikisika huendi kwa jirani, unaenda kwa wasimamizi, wale mume na mke waliosimama nawe kanisani wakaahidi kuilea ndoa yako. Nikaenda kwa msimamizi wangu, Mama Gift. Alisikiliza mpaka akavua kilemba.

"Mwanangu, tutakwenda wote," akasema. "Baba Gift naye ningempeleka, ila Jumamosi ana msiba Vwawa."

Nikamshukuru Mungu kwa kunipa wasimamizi kama hawa.

Jumamosi Elia aliondoka mapema, akasema ana wateja. Mimi na Mama Gift tukavuka kwa miguu, tumevaa miwani ya jua sote wawili, na mawingu yalikuwa mazito kweli siku hiyo. Saa nne kamili kwa saa yangu ya mkononi tukaingia mgahawani. Elia huyo hapo! Amekaa na wanaume wawili na mama mmoja mnene aliyependeza sana, wanakula vitumbua. Kofia nyekundu hana. Nikajua ameificha mfukoni.

Mdomo ukanitangulia. "Mike!" Hakugeuka. Nikaona huo ndio ujanja wenyewe. "Mike, simama! Simama uwaambie hawa watu mke wako ni nani!" Nikapiga meza kwa kiganja, chai ikamwagikia mapaja ya yule mama, akaruka juu anauliza kwa Kibemba kuna nini, "Finshi? Finshi?" na wapishi wakatoka jikoni na miko yao mikononi. Nikalia kwa sauti kwamba mimi ni mke wa ndoa, nina cheti, nina watoto wawili, na Mama Gift nyuma yangu anaitikia, "Mimi ndiye msimamizi! Nilishuhudia!"

Elia akasimama taratibu. "Mama Tumaini," akasema, "huyu mama ndiye mwenye malori ninayoyatolea kibali. Mike ni nani?"

Nikamrushia simu. Akasoma kidogo, akatazama picha ya suti, uso ukabadilika. Akauliza miadi ni saa ngapi. Nikasema saa nne, ndiyo hii, mwizi wewe. Akanionyesha saa ya ukutani kwa kidole. Ilikuwa saa tatu na dakika chache.

Jamani, mtoto wa Tunduma yeyote anajua Zambia wako nyuma yetu saa nzima. Mimi navuka mpaka kila wiki kufuata vitenge! Lakini Mike wangu alikuwa analala kitandani kwangu Tunduma, sasa ya nini nihesabu kwa saa za Zambia?

Elia akawaomba radhi wateja wake, wakaondoka, yule mama anakung'uta sketi bila kuaga. Kisha akavuta kiti. "Kaa. Tumsubiri huyo Mike."

Sijawahi kuogopa kama saa ile moja. Nilipoingia niliogopa kuachwa kwa kosa la mume, sasa nimekaa mbele yake nangoja kuachwa kwa kosa langu, kwa sababu kama Mike si yeye, basi mimi kwa wiki tatu nimekuwa namtongoza mwanamume nisiyemjua. Elia alikuwa anasoma zile meseji, moja moja, tangu ya kwanza.

Saa nne ya Zambia simu yangu ikatetemeka mkononi mwake. *Nimefika, mpenzi.*

Mlango ukafunguka. Kofia nyekundu ikaingia kwanza, kisha marashi, kisha Baba Gift.

Msimamizi wetu! Mwenye albamu ya harusi yetu kabatini kwake! Mama Gift alivua miwani polepole, akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Msiba umeisha mapema, Baba Gift?"

Yule mzee akavua kofia, kipara kikang'aa, akasema, "Nilikuwa napita tu." Sitasimulia kilichofuata, wapishi wa Nakonde wanakisimulia vizuri kuliko mimi. Mama Gift hanisalimii mpaka leo, na simlaumu.

Sisi tukaanza kurudi. Kwenye geti la mpaka Elia akasimama, akanirudishia simu.

"Haya uliyoandika, ya sauti yangu mlangoni. Ulikuwa unamwambia nani?"

"Wewe," nikasema, machozi yananitoka. "Nilijua ni wewe."

"Miaka minane niko nawe ndani ya nyumba, hujawahi kuniambia hata moja."

Akatangulia. Yule mwenye malori hakurudi kwake tena, na mimi sikurudishwa Igamba. Tangu siku hiyo nimeapa, nikiwa na la kumuuliza mume wangu namuuliza akiwa amekaa mbele yangu, na nikiwa na zuri la kumwambia najikaza namwambia hivyohivyo, ingawa aibu hunishika. Lakini hajasahau. Katika nyumba yetu mwenye akaunti ya siri alikuwa mmoja tu, na siku nikimuudhi haniiti Mama Tumaini. Anasimama mlangoni, anaita taratibu, "Mercy," na mwili wangu wote unakufa ganzi.