Sensa ya Hajji na Petroli ya Mama Kiden

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya Arua, Foremani hakunipa spana. Alinipeleka chini ya lori, akanionyesha bomba la moshi. "Injini inakula mbele, inasema nyuma," aliniambia. "Wewe kwanza sikiliza huku nyuma." Kwa miaka miwili nilikuwa mtu wa mabomba tu: kukata, kuchomelea, kuziba mahali moshi unapovujia. Niliona naonewa, maana wenzangu walikuwa wanafungua injini.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Koboko nikiwa fundi mkuu. Meneja wa pale alikuwa mtu mpole wa makaratasi, hakujua valvu wala plagi, kwa hiyo neno la gari lilikuwa langu. Nakiri nilivimba kichwa.

Miaka yangu ya mwisho kazini ndipo vilipoingia vipimo vipya. Hajji, mfanyabiashara wa mbao, alikuwa na gari la petroli lenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Gari la namna hiyo likipungukiwa petroli wakati turbo inasukuma, joto hupanda hadi pistoni ikayeyuka. Tukamfungia sensa ya oksijeni, kifaa cha kisasa kinachoonja moshi na kuonyesha kwenye kioo kidogo kiasi kamili cha hewa kikilinganishwa na petroli.

Ya kwanza niliifunga baada ya turbo, lakini upande wa chini wa bomba. Hajji ana shamba Midia, njia ya mawe, na jiwe likaivunja. Ya pili nikaipandisha kwenye manifodi, pale moshi unapotokea injini, kabla ya turbo, ndani ya chuma kinene ambako jiwe halifiki. Nilijisifu sana. Sisi mafundi wa njia za mawe tuna ugonjwa huo: kila kitu tunakikinga na jiwe kwanza, mengine tunayafikiria baadaye.

Sikujua kwamba kabla ya turbo moshi umebanwa na una joto kali, na sensa ikibanwa hivyo hutia chumvi. Petroli ikizidi kidogo, yenyewe husema imezidi sana. Kioo kiliniambia ni nyingi mno, nami nikaipunguza.

Wiki hiyo hiyo Hajji alirudi akivutwa kwa kamba, injini imekufa. Alishuka akifoka: "Petroli ya Mama Kiden iko na maji! Jana nilijaza kwake!" Mama Kiden aliuza petroli ya jerikeni hatua chache kutoka getini kwetu. Kwetu injini ikifa, wa kwanza kushukiwa ni muuza jerikeni. Watu walikuwa wamejaa. Hajji akanigeukia. "Fundi, sema. Ni mafuta?"

"Inaweza kuwa mafuta," nikasema.

Haikupita wiki, ikawa hakuna boda wala gari linalosimama kwa Mama Kiden. Akaja gerejini na chupa ya petroli, akaiweka juu ya meza yangu. "Fundi, angalia. Kama maji iko ndani, sema mbele ya batu, watu wote wasikie. Kama hakuna, sema pia."

Petroli ilikuwa safi. Nilimwambia nitaichunguza vizuri, akaondoka bila kuaga. Nilishikwa na aibu.

Nilipofungua injini ya lile gari nilikuta pistoni moja ina tundu na plagi nyeupe kama chokaa, dalili ya petroli kupungua. Nikaichukua sensa, nikaenda Dadamu kwa Foremani, ambaye alikuwa amestaafu na anafuga kuku. Nilimsimulia ya Hajji na ya Mama Kiden, naye akaigeuzageuza sensa mkononi.

"Ulifunga wapi?"

"Kabla ya turbo, mzee. Niliogopa mawe."

Akanyoosha mkono wake wote kama futi ya kupimia. "Turbo iko hapa begani. Shuka mpaka kwa vidole, hapo ndio mahali yake, kabla ya katalisti, ile ya kusafisha moshi. Weka upande ya juu, iiname kidogo, maji ya bomba isikae ndani. Na bomba isivuje mbele yake, hewa ikiingia itadanganya. Jiwe utazuia na bati." Kisha akaniangalia. "Na ule mama anajua?"

"Bado."

"Basi umekuja huku kufanya nini?"

Nikarudi. Nilimwambia Hajji ukweli, akanitukana, na ilikuwa haki yake. Mama Kiden sikumkuta tena getini. Alikuwa amerudi Midia kulima. Nikamfuata huko, nikamkuta katikati ya muhogo, nikamweleza yote na kumwomba msamaha. Hakuacha jembe mpaka nilipomaliza.

"Ile ya mafuta ulisema mbele ya batu," akasema. "Hii unasema mbele ya muhogo."

Siku ya soko nilisimama getini na Hajji kando yangu, nikasema kwa sauti kwamba kosa lilikuwa langu. Wengine walicheka, wengine wakaniambia nimefanya vizuri. Nilimpelekea habari Mama Kiden. Alishukuru, lakini mahali pake tayari alikuwa amekaa muuzaji mwingine.

Sasa nimestaafu, niko Adumi. Mafundi hunipigia simu wakiuliza sensa ifungwe wapi kwenye gari la turbo, nami huwaeleza kama nilivyoelezwa. Wengine huuliza pia, je, mtu akikosea inakuwaje? Nawajibu kwamba injini ya Hajji ilirudi barabarani baada ya wiki tatu. Mama Kiden bado analima.