Gauni Lililopita kwa Mama

Wifi yangu hajui likizo ni kitu gani. Shule zinafungwa, wanafunzi wanakwenda kwao, walimu wenzake wananyoosha miguu, yeye ndiyo kwanza yuko kiguu na njia, mkoba begani. Huwa namtania kwamba siku akifa, swali lake la kwanza huko aendako litakuwa kama kuna kazi za kusahihisha. Anacheka, kisha anaangalia saa.

Anafundisha ushonaji. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hushona vazi moja peke yake, kuanzia kupima kitambaa hadi kutia kifungo, na vazi hilo ndilo mtihani wake. Halina jina, lina namba tu. Mtahini anakuja, analigeuza ndani nje, anamuuliza mwenyewe maswali mawili matatu, anatoa alama. Mwaka huu mtahini alichelewa, eti shule zilikuwa nyingi, akapanga kuja siku moja tu kabla ya sikukuu. Na sikukuu yenyewe haikuwa ya mchezo. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho, na ukoo mzima ulikuwa unakuja nyumbani kwa wifi kumwona akituona.

Mimi na mume wangu, ambaye ni kaka yake wifi, tulitangulia na watoto ili tusaidie. Tulimkuta mama kwenye kiti chake, anafoka.

"Huyu dada yenu nilikuwa simwoni kwa sababu ya macho. Sasa macho ninayo, bado simwoni. Si bora wangeyaacha yalivyokuwa?"

Wifi alikuwa mlangoni, anavaa viatu. Alisikia yote. Siku iliyofuata alirudi kutoka shuleni mapema akiwa amekumbatia mfuko mkubwa, na ndani yake mlikuwa na mavazi yote ya mtihani.

"Nitayapigia pasi hapa hapa na kuyashonea namba, niwe karibu na mama," aliniambia.

"Inaruhusiwa?"

"Hairuhusiwi. Kazi za mtihani hazitoki nje ya karakana."

"Sasa?"

"Sasa nifanyeje, wifi? Nijikate vipande viwili?"

Niliusukuma ule mfuko chini ya meza ya chumba cha wageni, tukaenda sokoni. Hilo ndilo kosa letu, kwa sababu chumba kile ndimo lilimokuwa cherehani la mama.

Lazima nieleze kidogo. Mama mkwe wangu alikuwa fundi. Watoto wake wote wamekula na kusoma kwa cherehani lile. Macho yalipoanza kufunga ukungu alijilazimisha kidogo, akashona kola ya shati la mtu ikaenda upande, akalifunika cherehani kwa shuka na hakuligusa tena. Miaka ikapita. Ukitaka kumuudhi, mwambie habari za kushona.

Tuliporudi sokoni tulimkuta amechangamka, anaimba peke yake. Nikamwambia wifi, dawa za hospitali hizo zimemkubali. Wifi akatandika blanketi mezani, akawasha pasi, akaanza kazi. Alipiga sketi, akapiga shati, akachukua gauni la mtoto mdogo, la kitambaa cha maua, lenye mikono ya marinda. Akaligeuza ndani. Pasi ikabaki hewani.

"Wifi," aliniita kwa sauti ndogo. "Njoo utazame hapa."

Nilitazama. Mimi nilichoona ni mshono. Umenyooka, mzuri, ncha zake zimefungwa vizuri. Lakini yeye anawajua wanafunzi wake kwa mishono yao kama mimi ninavyowajua wanangu kwa kukohoa kwao. Na mshono huu haukuwa wa mwenye gauni.

"Ah, hilo!" Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, uso wote unacheka. "Nilisema nichungulie tu. Nikakuta mkono mmoja umegeukia nyuma, maskini, kama mtoto aliyeteguka bega. Nikafumua yote miwili, nikairudishia. Na uzi nimetunga mwenyewe, mwanangu! Mara moja tu, ukaingia!"

Akatuonyesha kwa vidole jinsi ulivyoingia. Wifi alifungua mdomo. Nilijua kinachokuja, maana naye ana hasira zake, hazichelewi. Akamtazama mama yake, akaufunga.

"Umeshona vizuri, mama," alisema.

"Si unaona? Nipe na mengine basi. Kuna sketi pale pindo lake linatia aibu."

Nilimvuta wifi jikoni, nikafunga mlango. Gauni lile lilikuwa la msichana ambaye wenzake wanamwita Bandeji, kwa jinsi anavyojichoma vidole. Hana wepesi wa mkono, aliniambia wifi, lakini hakuna anayemshinda kwa bidii. Ile mikono aliifumua mwenyewe mara nyingi mpaka kitambaa kikaanza kuchoka. Analelewa na shangazi yake, na kuna fundi mmoja mwenye duka la nguo ambaye amekwisha kukubali kumpa kazi, mradi alete cheti. Akifeli vazi, hapati cheti. Na ikigundulika kwamba ameshonewa, anafutiwa mtihani wote.

"Basi acha lilivyo," nilisema. "Limependeza. Atafaulu."

"Mtahini atamuuliza ameshonaje. Atajibu nini?"

"Basi fumua, ushone wewe. Pindisha kama alivyopindisha."

Unaweza kushangaa kwamba alijaribu. Mama alipokwenda kuoga, wifi alichukua vitambaa viwili vya kutupa, akakaa kwenye cherehani, akashona mkono uliokwenda kombo. Alishona mara ya kwanza, ukanyooka. Mara ya pili, ukanyooka. Nilianza kucheka. Nilipomwona machozi yanamlengalenga, nikaacha.

"Hata nikiweza," alisema, "huo nao si wa Bandeji."

"Basi mwambie mama, ajue alichofanya."

Akanigeukia kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. "Hujamwona alivyoonyesha ule uzi? Ukimwambia mama neno lolote, mimi na wewe basi. Umenisikia?"

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Lakini nilinyamaza. Jioni ile wifi alikwenda na mfuko kila alikokwenda, jikoni na mfuko, uani na mfuko, na mama nyuma yake akiulizia ile sketi.

Asubuhi nilimsindikiza shuleni, eti kumbebea. Kweli nilikwenda kwa sababu sikuamini kama angefika bila kuanguka njiani. Mkuu wa shule alikuwa ndani ya karakana, anasimamia upangaji wa meza. Wifi akamwita pembeni, akamweleza kila kitu, mfuko, mama, mikono. Mkuu alimsikiliza huku anapunga mkono kwa watu wengine, kisha akamwinamia.

"Mwalimu, umemweleza nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi liishie hapa. Vazi ni zuri, mtoto atapata alama nzuri, shule itapata sifa, na wewe utabaki na kazi yako. Unataka kumfaidisha nani?"

"Akiulizwa?"

"Wanajibu hovyo wote. Nenda kapange meza."

Niseme ukweli, nilimwona mkuu ana akili. Nilimfinya wifi mkono, maana yake kubali. Hakunitazama.

Mtahini alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Hakuwa na haraka. Wanafunzi walipangwa ukutani, wanaingia mezani mmoja mmoja namba zao zikiitwa. Bandeji nilimjua bila kuonyeshwa, vidole viwili vilikuwa na plasta. Alipoliona gauni lake limetandikwa, akalitazama, akalitazama tena. Akamtazama wifi. Wifi akainamisha macho. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, na hata mtihani si wangu.

Wakapita wa shati, wakapita wa sketi. Aliyekuwa mezani alikuwa anaulizwa kuhusu zipu wakati mtahini aliponyoosha mkono tu, akalivuta gauni la maua karibu, akaligeuza.

"Hebu," alisema. Akapandisha miwani. "Aliyeshona hili ni nani? Njoo, binti. Kumbe shule hii ina fundi na mmenificha!"

Mkuu akacheka kwa nguvu. Bandeji akasogea.

"Nieleze. Marinda haya ya begani uliyagawaje mpaka yakakaa sawa hivi?"

Bandeji aligusa rinda moja. Aliangalia gauni, akamwangalia mwalimu wake, na hapo nilielewa kinachopita kichwani mwake. Alidhani mwalimu ndiye aliyemsaidia. Alikuwa anatafuta uongo wa kumwokoa mwalimu, si wa kujiokoa yeye.

"Nili... nilitia alama, halafu nikavuta uzi, nika..."

"Usijibu," wifi alisema.

Mkuu akakohoa. "Mwalimu, mwache mtoto..."

"Usijibu, mwanangu. Mtahini, mikono hiyo hakuishona yeye. Ameishona mama yangu, nyumbani kwangu, bila huyu kujua. Mimi ndiye niliyezitoa kazi hapa. Kilichobaki chote kwenye gauni hilo, kola, kiuno, pindo, vifungo, ni chake."

Mtahini alivua miwani, akaiacha ining'inie. Alimtazama wifi, nikasema moyoni, sasa tumekwisha. Kisha akamsukumia Bandeji lile gauni na mkasi mdogo.

"Fumua mikono. Uiingize hapa, mbele yangu. Nitakupa alama ya nitakachokiona. Mwalimu, toka nje."

Tulitoka, tukasimama ukutani, upande wa dirisha lililofungwa. Hatukuona kitu, tulisikia tu. Kwanza mkasi, kidogo kidogo. Halafu kimya, anapachika pini. Halafu cherehani likaanza. Wifi alikuwa amefumba macho, anafuata mshono kwa masikio.

"Anakwenda vizuri," alinong'ona. "Taratibu, taratibu, hapo kuna marinda." Cherehani likasimama. "Amesimama. Kwa nini amesimama?"

"Labda anapumzika."

"Hapumziki mtu katikati ya mkono!" Alinishika bega mpaka nikaumia. "Amekunja kitambaa chini. Au ameugeuza. Mungu wangu, ameugeuza."

Alitaka kwenda kwenye mlango. Nilimshika kiuno, kweli kweli, watu wazima wawili tunavutana kwenye varanda ya shule. Nikamwambia, ukiingia umemmaliza. Akaniegemea. Ndani mkasi ukalia tena. Anafumua. Halafu cherehani likaanza upya, likaenda, likaenda, likafika mwisho.

Bandeji alitoka baadaye sana, kidole mdomoni, bado hajaweka plasta mpya. Machozi na kicheko vilikuwa vimechanganyika.

"Umepinda kidogo, Mwalimu. Lakini amesema alama zinatosha. Si nyingi, zinatosha."

Wifi alimkumbatia, na mimi nikawakumbatia wote wawili, sijui nani aliniruhusu. Kisha mkuu akamwita wifi ofisini. Sikuingia. Alipotoka alikuwa anaufunga mkoba wake, na zipu ilikuwa inamkatalia.

"Nimeondolewa karakana," alisema. "Mtahini ameandika, na mkuu ametia saini haraka, utadhani kalamu alikuwa ameishika tayari. Mwakani watanipa somo lingine. Ushonaji, basi."

Nilianza kutukana. Nilimtukana mtahini, nikamtukana mkuu, nikakaribia kumtukana mama mkwe wangu. Hapo akanizuia.

"Wifi. Mama hajui, na hatajua."

"Lakini miaka yote hiyo..."

"Hatajua."

Basi siku ya sikukuu nyumba ilijaa, watoto chini ya meza, wakubwa juu ya kila kitu kinachokalika. Wifi hakukaa. Alipakua, akagawa, akafuta maji yaliyomwagika, na alikuwa amemweleza mama jambo moja tu, ambalo ni la kweli, kwamba mtahini alilisifia gauni. Mama alikuwa amelitangaza kwa kila aliyeingia mlangoni. Kila akilirudia, mtahini anazidi kulisifia.

"Akasema, kumbe mna fundi na mmenificha!" Mama aliwaambia wageni. "Mimi huyo. Na macho haya haya." Kisha akamgeukia wifi. "Mwanangu, mwakani zile kazi zikifika usizifiche kama juzi. Tutazitazama wote, mimi na wewe."

Nilimtazama wifi. Nilijiuma ulimi hadi nikasikia chumvi. Alikuwa amesimama na bakuli mkononi, na kwa muda kidogo nilidhani atalidondosha.

"Mwakani sitakuwa na kazi za mtihani, mama," alisema. "Nitakuwa nyumbani na wewe Desemba nzima."

Mama akaweka sahani chini. "Jamani mmesikia? Mmemsikia mwanangu? Hatimaye!" Akaanza kupiga makofi, watoto wakadakia, mume wangu akadakia, nyumba nzima ikampigia makofi wifi yangu, naye amesimama pale na bakuli lake, anatabasamu. Mimi peke yangu nilishindwa kupiga.