Toge ya Maître Fulgence

Jamani, nawaomba msianze kucheka sasa, maana aibu yenyewe iko mbele, na mkimaliza pumzi hapa mtakosa ya kunichekea kule. Mimi ni Ramazani, fundi nguo wa hapa Kamalondo, na kama mnavyojua kazi yangu kubwa ni toge, yale majoho meusi ambayo avoka, yaani wakili, asipovaa hawezi kusema mbele ya jaji. Nazishona, nazipiga pasi, nazirudisha kwa wenyewe. Kuvaa, sikuwahi kuvaa hata moja, na laiti ningebaki hivyo hivyo.

Siku hiyo alikuwa amefika Papa Asumani kutoka Mitwaba, baba mkubwa wa Zaina mchumba wangu. Ndiye aliyemlea Zaina tangu akiwa mdogo, kwa hiyo bila yeye kusema ndiyo hakuna ndoa, hata wazazi wangu wote wa Maniema wakusanyike mlangoni kwake. Alikuja kuniona kwa macho yake mwenyewe. Asubuhi Zaina akanipigia simu: "Rama, umutembezeko mjini pole pole, asichoke. Na usiseme sana! Weye ukisema sana unaharibisha yote." Basi nikanyamaza (na kunyamaza huko ndiko kulikoniponza, ila yeye mpaka leo anakataa kwamba ana sehemu katika kesi hii).

Nilikuwa na toge ya Maître Fulgence (Maître ndivyo tunavyowaita maavoka wote kwa heshima) ya kufikisha tribinali, kule mahakamani, kabla ya saa tatu, nikaona vizuri, nitampitisha mzee kwenye mtaa wa maavoka, aone zile nyumba za zamani za Wabelgiji na miti yake, halafu nitoe toge, tuendelee. Toge ilikuwa ndani ya sachet, mfuko wa plastiki. Tulipofika kona ya kwanza nikajiambia, lo, ndani ya sachet itakunjana, nikaitoa nikaitundika kwenye mkono wa kushoto, kama maavoka wenyewe wanavyotembea nazo mjini. Uongo mtupu! Toge niliyoipiga pasi mimi haikunjani hata ukiilalia.

Hapo ndipo dunia ilipobadilika. Mwenye fotokopi akasimama: "Bonjour Maître!" Mwenye mashine ya kuandika, chini ya mwavuli wake, akavua kofia: "Maître, mes respects." Polisi, yule yule anayenisumbua kila wiki na vitambulisho, akanipigia saluti mpaka viatu vikalia. Nami nikaitikia kwa kichwa tu, kidogo, kama mtu aliyechoka kusalimiwa. Nikatoa tumbo mbele, na tumbo lenyewe sina.

Papa Asumani alikuwa ananitazama. Anatembea taratibu na kamfuko kake kwapani, anasoma vibao ukutani.

"Ile nyumba ni ya nani?"

"Ni kabine ya avoka, Baba."

"Na hii?"

"Ya avoka pia."

"Kumbe! Bantu ba hapa banapigana sana?"

"Hawapigani, Baba. Wanaandikiana."

Akatikisa kichwa. Tukaenda hivyo, nyumba kwa nyumba, nikawa najibu na sauti nzito ambayo sijui niliitoa wapi, mpaka nilipoangalia saa na kukuta ni saa tatu na nusu. Tulikuwa tayari kwenye ngazi za tribinali. Mama mmoja akatoka mbio, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, akanishika mkono.

"Maître, unisaidie, banatuita sasa! Avoka yetu iko ndani lakini hana toge, juge anakatala kumusikia! Kiwanja yetu itaenda!"

Nikajua palepale ni avoka gani. Ningempa mama ile toge aipeleke ndani, mambo yangeisha. Lakini Papa Asumani akasema kwa upole, "Enda, mwana, umusaidie mama," na sikuweza, nawaambia kweli, sikuweza kutamka mbele yake kwamba mimi ni mtu wa kuletea watu nguo. Nikaona nitaingia, nimpe Maître Fulgence kwa siri, nitoke. Mlangoni karani akanizuia: "Maître, ndani haingii muntu na toge pa mukono. Uvale!" Nikavaa. Vifungo vyote kwa dakika moja, hakuna avoka Lubumbashi anayevifunga haraka hivyo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Jaji akanyanyua macho akaniuliza ninasimama kwa ajili ya nani. Kabla sijafungua mdomo, kwenye benchi la mbele akainuka mtu mnene na shati lake jeupe, jasho linamtoka.

"Monsieur le Président, ule haiko avoka! Ule njo fundi yangu! Na ile njo toge yangu!"

Watu walicheka mpaka walinzi wakacheka. Jaji akavua miwani, akasema maneno mawili tu: "Monsieur, vua." Na vile vifungo, ndugu zangu, nilivyovikaza vizuri ili visimwaibishe mteja, vikagoma, karani akaja kunisaidia kama anavua mtoto, na toge ikapitishwa juu ya vichwa vya watu mpaka kwa mwenyewe. Jaji angeweza kunifunga. Akanionyesha mlango.

Papa Asumani alikuwa ameona yote, amesimama nyuma. Nje, kwenye ngazi, akafungua kamfuko kake akatoa kitambaa cha kijivu, kizuri kweli, mita tatu na zaidi.

"Zaina alisha kuniambia weye ni fundi," akasema. "Nilifurahi. Nikaleta hii unishoneeko koti ya ndoa. Bantu banakuita Maître, unaitika, miye nangojea useme, Baba, miye fundi. Sasa uniambie, hapa Lubumbashi nitapata fundi wapi?"

Machozi yalinilenga, siwafichi.

Akakunja kitambaa taratibu. "Ukitaka Zaina, kuya Mitwaba na mashini yako. Utashona mwezi muzima pa barza yangu, bantu bote baone mukwe yangu anafanya kazi gani."

Kwa hiyo Jumatatu naondoka, nimeshalipia nafasi ya cherehani juu ya lori. Na atakayeniita Maître siku ile, hata kwa utani, nitamjibu kwa sauti mpaka ng'ambo ya barabara: mimi ni fundi, leta suruali.